Betri ya Wifi Yangu

Mimi nina wifi mmoja tu, na naamini Mwenyezi Mungu alinihurumia alipoishia hapo. Anaitwa Khairiya, dada mkubwa wa mume wangu Obeid, na ukimtafuta hapa Lamu huna haja ya kuuliza nyumba. Uliza tu, "Nani anayejua watu?" na utaonyeshwa kwake, mtaa wa Mkomani, dirisha la juu lenye pazia la kijani. Siku watu walipoanza kuweka wifi za mtandao majumbani, binti yangu Israa alitaka na sisi tuiweke. Nikamwambia ninayo moja, yanitosha, na hii yangu haina nenosiri, huingia yenyewe hata mlango ukiwa na komeo.

Kazi ya Bi Khairiya haina cheti. Kazi yake ni kujua nani aalikwe harusini.

Asiye wa kwetu atasema, si kuna kadi, si kuna simu? Kadi tunazo, huwapelekea maofisa na wageni. Mwanamke wa Lamu haitwi harusini kwa karatasi. Huitwa kwa mdomo, mlangoni kwake. Waalikaji wawili watatu hutoka na mabuibui yao, hupita nyumba hadi nyumba, hupiga hodi, husema, "Mwaalikwa kwa fulani, siku fulani." Nyumba ikirukwa, waliomo hawaji, hata kama ukuta wao ndio ukuta wako. Na hawasahau. Mtu utamwibia kuku na atakusamehe, lakini ukimruka harusini atawausia wajukuu.

Basi kabla waalikaji hawajatoka, hupita kwanza kwa Bi Khairiya. Yeye ndiye ajuaye nani kaolewa juzi, nani kahamia Gardeni, nani yuko edani, na nani hawapatani wasije wakakalishwa mkeka mmoja. Kwa miaka mingi orodha hiyo yote ilikaa kichwani mwake. Hufumba macho, akaanza kutaja mlango kwa mlango, kana kwamba anatembea. Tulimsifu sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miaka tisa iliyopita, ilipofika harusi ya mwanawe mwenyewe, Fawaz, alialika Shela, akaalika Matondoni, akatuma salamu hadi Siyu na Mbwajumali, kisha akamruka Bi Alawiya wa Langoni.

Bi Alawiya si mtu wa kurukwa. Wawili hao walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaolewa mwaka mmoja, na Fawaz alipozaliwa ni Alawiya aliyemkanda mama mtu siku arubaini. Siku ya harusi alikaa kwake, hina mikononi na nguo mpya kitandani, akingoja hodi. Hodi haikuja. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana njiani kila mmoja huugeukia ukuta wa upande wake, na kwa wembamba wa njia zetu mtu akiugeukia ukuta nusura aubusu.

Nilimuuliza wifi yangu mara mbili, ilikuwaje? Mara zote mbili alijibu, "Nalisahau," halafu akaniuliza kama nimeshapika. Lakini kuanzia hapo hakukiamini tena kichwa chake, na ndipo laptopu ilipoingia.

Fawaz alipokwenda kufanya kazi Doha alimwachia mama yake laptopu ambayo hata wakati huo ilikuwa mzee wa baraza. Herufi ya N iling'oka, na Bi Khairiya akagundisha kifungo cha shati mahali pake. Akaandika kwa kidole kimoja, asubuhi na jioni, mpaka zikatimia nyumba mia nne na kumi na mbili, kila moja na maelezo yake. Huyu hasikii vizuri, piga hodi kwa nguvu. Huyu mpe salamu za mumewe kwanza. Huyu asikalishwe karibu na wifi yake. Hilo la mwisho sikuuliza lamhusu nani.

"Ichape kwenye karatasi," nilimwambia siku moja. "Laptopu ni chombo, yaweza kufa."

"Karatasi ina mato mengi," akasema, kwa maana ya macho ya watu. "Hii yafungwa."

Kumbe iliyokuwa ikifa ni betri. Mwanzoni umeme ukikatika, na kwetu umeme hukatika kama mtu anayekwenda kunywa maji, betri ile ilimtosha kuandika Mkomani yote. Baada ya mwaka mmoja ikawa betri ya mtaa nusu. Kisha ikawa betri ya kichochoro. Mwaka jana ikawa betri ya nyumba moja. Akiandika "Nyumba ya Sharifu Muhdhar," taa ikizimika, Sharifu hubaki gizani bila Muhdhar wake. Bi Khairiya aliibembeleza kwa kila njia. Aliiwekea feni. Aliifunika kitambaa cha maji baridi, nikapiga kelele akakitoa. Siku moja nilimkuta anaisomea Kulhuwallahu, akiipulizia. Nikamwambia la kufa halisikii dawa.

"Haifi," akasema. "Imechoka tu, kama wewe ukiambiwa ukune nazi."

Mwaka huu ndipo Israa wangu alipoposwa na kijana wa Shela. Harusi ikawekwa siku ya Alhamisi, na waalikaji wakapangiwa kutoka Jumamosi iliyotangulia. Sitaficha: niliogopa. Binti yangu wa pekee, na mimi mwenyewe nina mdomo, maadui wa kunitafutia kosa sikuwakosa. Nilitaka kila mlango wa mji huu upigiwe hodi. Na orodha ilikuwa mahali pamoja tu duniani.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya waalikaji kutoka, nilipanda ngazi za Bi Khairiya kwenda kuulizia watu wa Gardeni. Nikaikuta laptopu sakafuni, imechomekwa kwenye umeme, na juu yake imekaa mbuzi. Si mbuzi wa kulia mee. Mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma.

"Ni nini hiki?"

"Haitaki kufunga tangu yana," akasema, yaani jana. "Tumbo limeyaa. Naikandamiza."

Niliondoa mbuzi nikatazama. Pale panapopitishwa kidole palikuwa pameumuka kama andazi. Nikanusa. Ilikuwa na harufu tamutamu, kama rangi ya kucha.

"Mpigie Wanjira," nikasema. "Sasa hivi."

Wanjira ni fundi wa simu na kompyuta. Ametoka Nyeri, na siku hizo alikuwa na miezi saba tu hapa Lamu. Mikono yake ina baraka, simu iliyozama baharini huirudisha ikaita. Lugha yetu ndiyo iliyokuwa ikimpa tabu. Duka lake amelikodi Langoni, chumba cha chini cha nyumba ya Bi Alawiya, na kwa sababu hiyo Bi Khairiya hakuwahi kwenda mwenyewe hata siku moja. Humpigia simu, au hunituma mimi.

Alipiga, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Mwanangu Wanjira, wambaje? Laptopu yangu imevimba. Nimeiweka mbuzi yuu yake, haisikii."

"Mbuzi?" Sauti ya Wanjira ilipanda. "Mama, mbuzi imepanda juu ya laptop?"

"Haiyapanda. Nimeiweka miye mwenyewe."

"Uliibeba ukaiweka juu ya laptop?"

"Si nzito."

Nikaingilia kati, nikamweleza Wanjira kwamba laptopu imeumuka na inanuka, na ina kitu kizito juu yake, na imo kwenye umeme.

"Ghai! Mama, toa kwa stima! Toa hiyo kitu juu yake! Inaweza shika moto!" Nikaruka nikachomoa waya. Sauti ikaanza kukatikakatika. "Itoe nje, mama! Unanisikia? Nje! Ndoo... ndoo! Ndoo, haraka!"

Kisha mtandao ukakatika, kama desturi yake mtu akiwa na shida.

Kwetu njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Kwa hiyo hatukuwa na shaka yoyote ya tulivyoambiwa. Bi Khairiya alisimama na simu mkononi, uso umemng'aa.

"Umesikia, Ruba? Mtoto ashayua Kiamu! Aniambia ndoo."

"Kakwambia na haraka."

"Basi twende."

Nikamtazama. "Duka la Wanjira liko chini ya nyumba ya nani, wajua?"

"Nayua," akasema, na mkono wake ukawa unatafuta buibui. "Lakini hii ni harusi ya Israa."

Nilimpenda wakati ule, nasema kweli, ingawa sikumwambia, kwa sababu akipendwa hukaa mpaka chakula cha jioni.

Laptopu ilikuwa ya moto, haishikiki. Akaitia kwenye siniya, na ili watu wasimuulizeulize njiani akaifunika kawa. Hakujua anajitafutia balaa. Siniya iliyofunikwa kawa, wiki ya harusi, inatoka nyumba ya Bi Khairiya: mji mzima uliona halwa. Tulishika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kila hatua kumi mtu husimama akatuombea heri huku akinusa. Punda wa mchanga wakapita, mwenye punda akipiga kelele, "Simila! Simila!" tukabanwa ukutani, siniya imeinuliwa juu ya vichwa vyetu. Mbele kidogo Bwana Idarus alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Bwana Idarus ana kisukari na hana subira.

"Bi Khairiya, eta nionde kidogo," akasema, ulimi tayari kuonja.

"Si cha kuonda hiki, Bwana Idarus."

"Kidogo tu, kwa ajili ya bibi arusi," akasema, na mkono wake ulishafika kwenye kawa. Akaifunua. Akaitazama laptopu ile iliyovimba, na kifungo chake cha shati. Akaifunika tena polepole. "Subhanallah. Mahari ya siku hizi."

Tukafika Langoni jasho likitutiririka. Mlango wa duka la Wanjira ulikuwa wazi, chuma chake cha kulehemu kiko mezani, na Wanjira hayupo. Kando ya mlango mafundi waliokuwa wakipiga lipu ukuta wa nyumba walikuwa wameacha fungu la mchanga na ndoo tupu. Na juu kidogo, kwenye daka la nyumba, pale pa kukaa wageni mbele ya mlango mkubwa, alikuwa amekaa Bi Alawiya mwenyewe na uteo magotini, akichagua mchele.

Bi Khairiya akaugeukia ukuta wa kulia. Bi Alawiya akaugeukia wa kushoto. Mimi katikati.

Hapo laptopu ikaanza kulia. Sauti nyembamba, tssss, halafu moshi ukatoka pembeni mwa kawa. Bi Khairiya aliiweka siniya chini katikati ya njia, lakini badala ya kurudi nyuma akainama juu yake, anaipepea kwa ncha ya buibui. Nilimvuta mkono. Hakusogea.

Uteo ulianguka, mchele ukamwagika. Nilipogeuka Bi Alawiya alikuwa ameshashuka, ameikamata ndoo ya mafundi, anachota mchanga.

"Ruba!" akasema. "Mwambie huyo bibi aondoke hapo asiungue!"

Alimwaga ndoo ya kwanza. Moshi ukapungua. Akachota ya pili.

"Ruba," akasema Bi Khairiya, macho hayatoki kwenye siniya, "mwambie polepole, mtanga utayaa ndani."

"Mwambie mtanga hupanguswa," akajibu Bi Alawiya, akamwaga ya pili. "Mtu huoshwa mara moya."

Mwenyewe sikuwa na haja ya kupeleka ujumbe, maana walikuwa hatua mbili wao kwa wao, lakini nilipeleka. Ya tatu ilipomwagwa ikabaki kilima cha mchanga katikati ya njia, na ukingo wa kawa ukichungulia.

Ndipo akatokea Wanjira. Alikuja mbio kutoka upande wa pwani, suruali imelowa mpaka magotini, amekumbatia ndoo iliyojaa mchanga wa bahari. Alikuwa amekimbia nayo hadi Mkomani kwa njia ya ufuoni, ndiyo pekee aijuayo, akagonga mlango wa Bi Khairiya mpaka jirani akamwambia tumetoka na halwa.

"Mama!" akasema, pumzi hana. "Mama, mbona umeibeba? Nilisema ndoo!"

"Na miye nimekuya!"

"Ndoo! Ya mchanga! Hii!" Akainyanyua ile ndoo kwa mikono miwili, kama anayemfundisha mtoto.

Tukaitazama ndoo. Nikamtazama wifi yangu. Nilisikia kitu kama kikohozi nyuma yangu, na ni Bi Alawiya, amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika. Bi Khairiya naye midomo ilianza kumcheza. Macho yao yakakutana kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwenye ukuta wake.

Wanjira alingoja mpaka joto likatoka, akafukua, akaifungua laptopu pale pale nje kwa bisibisi. Betri akaizika kwenye ndoo yake ya mchanga, akaiweka mbali na mlango, akatukataza kuondoka na kuiacha peke yake kabla ya saa mbili tatu kupita. Kisha akatoa kipande bapa kama kibiriti kikubwa.

"Hapa ndio kazi yako imekaa, mama. Haijaungua. Lakini laptop yenyewe imeisha. Nikipata kile kisanduku cha kusomea, nitakutolea kila kitu."

"Kiko wapi?"

"Nimeagiza Mombasa. Kitafika Jumatatu."

Jumatatu. Waalikaji wanatoka Jumamosi. Bi Khairiya aliketi kwenye ukingo wa daka la mtu asiyesemezana naye, buibui limejaa mchanga, na nikaona machozi yanamlenga. Katika miaka ishirini na sita ya kuwa wifi yake sikuwahi kuyaona.

"Nitaje kwa kitwa?" akasema. "Ruba, kitwa hiki sikiamini tena. Nikimruka mtu katika harusi ya mwanao?"

Moyo uliniuma. Na kwa kuwa mimi nikiumwa na moyo hukasirika, nikamwambia afumbe macho aache kulia, nikaomba daftari na kalamu kwa Wanjira, nikakaa chini katikati ya mlango mkubwa, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikaandika juu: Harusi ya Israa.

Alianza Mkomani. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni. Nyumba ya kona, nyumba ya mwalimu, nyumba yenye mlango wa buluu. Kalamu yangu ikawa ina mbio. Alipofika nyumba ya hamsini sauti ilikuwa imerudi, na alipofika ya mia alikuwa ananikemea kwa mwandiko mbaya. Kisanduku kilipokuja Jumatatu tulilinganisha, tukaona Mkomani na Gardeni alikosa nyumba mbili tu, na zote mbili wenyewe walikuwa wameshahamia Mombasa. Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye. Siku ile tulikuwa na kalamu tu na dua.

Tulipoingia Langoni akaanza kusitasita. Miaka tisa alikuwa hapapiti kwa miguu, na watu hujenga, huuza, huoza mabinti. Alitaja nyumba tatu, akakwama.

Nyuma yangu Bi Alawiya alikuwa akiokota mchele wake punje kwa punje. Hakuinua kichwa. "Ruba, mwambie hapo katikati pana nyumba mpya. Mtoto wa Mwalimu Abdulkadir, ameoa mwaka juzi."

"Mwambie ahsante," akasema Bi Khairiya.

"Mwambie na ile ya mbele wamegawana, sasa ni nyumba mbili. Wataka hodi mbili."

Akakwama tena, akasaidiwa tena, na baada ya dakika kumi Bi Alawiya alichoka kusubiri, akauweka uteo chini, akaichukua Langoni mwenyewe. Na ni kwake, aijua. Alitaja akionyesha kwa kidole, mlango kwa mlango, bila kupumua. "Andika. Nyumba ya Sharifu Muhdhar. Nyumba ya wale wauza samli. Nyumba ya Bakr. Kisha duka la halwa, mke wake akaa yuu. Kisha msikiti. Kisha..."

Nikainua kalamu. "Bi Alawiya, umeruka nyumba."

"Miye?" Akakasirika, wallahi. "Miye niruke nyumba Langoni?"

"Umeruka."

Akahesabu tena, sasa kwa vidole, kwa sauti ya kunifundisha adabu. Sharifu Muhdhar. Wauza samli. Bakr. Duka la halwa. Akanitazama kwa ushindi.

Nikageuka, nikapiga mlango mkubwa niliokuwa nimeuegemea kwa kiwiko. Ngo, ngo. Baina ya Bakr na duka la halwa.

Bi Alawiya alibaki na kidole hewani. Bi Khairiya alikuwa anatazama chini. Nadhani aliliona pengo kabla yangu, na hakuwa na uso wa kulisema.

"Kinyozi hajinyoi," nikasema, maana mimi kunyamaza sijajaliwa.

Hakuna aliyecheka. Bi Khairiya alipangusa mchanga gotini, akaupangusa tena ulipokuwa umeshatoka.

"Ruba, mwambie ndivyo ilivyokuwa," akasema taratibu. "Kila nikifumba mato nikaipita Langoni, nalikuwa natokea kwake. Mtu hapigi hodi pale anapotokea. Mwambie nalipokumbuka, harusi ilishakwisha, na uso wa kumweleza sikuwa nao. Mwambie kwenye laptopu nyumba yake ndiyo ya kwanza. Kabla ya Mkomani. Kabla ya zote."

Kwa mara ya kwanza siku ile sikupeleka kitu. Kilishafika.

Bi Alawiya aliitazama mikono yake. "Ruba, mwambie nalikaa na hina mpaka ikakauka ikapukutika yenyewe."

"Mwambie nayua."

"Nalidhani nimekosa jambo. Miaka tisa natafuta ni jambo gani." Kisha akainuka, akajikung'uta, akaokota uteo wake. "Na mwambie kusaidia kuandika si kualikwa. Desturi ni ile ile. Miye hata sasa siyaalikwa."

Akaingia ndani, na mimi nikalazimika kuutoa mguu haraka, kwa sababu aliufunga mlango.

Bi Khairiya alisimama. Akalivaa buibui lake vizuri, akaufunga mtandio upya, akashuka njiani. Alikwenda mpaka kwenye kona ya msikiti, akageuka, akarudi kwa hatua za heshima kama mwalikaji aliyetoka mbali, akapanda daka, akanipita kana kwamba hanijui. Akapiga hodi.

"Hodi! Hodi, Bi Alawiya! Mwaalikwa kwa Obeid na Ruba, harusi ya Israa, Alhamisi iyayo. Wewe na wote wa nyumbani mwako."

Ndani nikasikia uteo ukiwekwa chini. Halafu sauti ikatoka nyuma ya mlango, nayo haikupitia kwangu.

"Ndoo!" akaita Bi Alawiya, kilio na kicheko pamoja. "Ndoo, Khairiya! Ndoo!"

Na mlango haujafunguka sawasawa, Wanjira akachomoka dukani kwake, ndoo ya mafundi kifuani, ameijaza mchanga, akapanda daka kwa hatua moja. "Imeshika tena? Iko wapi?"

Bi Alawiya akaipokea ile ndoo, akamshukuru, akaiweka kando ya mlango. Kisha akamshika Bi Khairiya mkono, akamwingiza ndani.